RCD inakata kila ukiwasha draivu? Uliza kwanza inakata wakati gani

RCD ni swichi ya usalama inayokata umeme ikihisi mkondo unavuja kwenda ethi, na draivu ni kifaa cha kuongoza kasi ya mota. Simu huwa inaanza hivi: "Fundi, tumefunga draivu mpya kwenye pampu, RCD haikai. Mota tumeipiga mega, iko safi. RCD ni mbovu?"

Mara nyingi si mbovu. Kuna umeme unaopita kweli kwenye waya wa ethi, ila mega haiwezi kuuona. Mega, kile kipimo cha insulesheni, hupima kwa DC (umeme usiogeuka mwelekeo), na uvujaji huu unapita kwenye kapasita (vihifadhi chaji), ambazo AC hupita lakini DC huzuiwa. (Tena mkipiga mega, chomoeni draivu kwanza. Nimeshazika kadhaa zilizouawa hivyo.)

Mimi huuliza jambo moja: inakata pale unapopandisha swichi, au mota inapoanza kuzunguka?

Ikikata pale pale kwenye swichi, mshukiwa ni filta. Mlangoni mwa draivu kuna filta ya kuzuia kelele za redio, na kapasita zake zimeungwa kwenye ethi. Chukua draivu ya fezi moja: kapasita ya nanofaradi 100 kati ya laini na ethi, kwa volti 230 na hezi 50, hupitisha miliampia 7 na ushei muda wote, hata mota ikiwa imelala. Sasa RCD ya miliampia 30 inaruhusiwa kukata kuanzia nusu yake, yaani 15. Draivu mbili za namna hiyo chini ya RCD moja na tayari uko ukingoni.

Kwenye fezi tatu, mikondo ya filta hufutana, mradi fezi ziko sawa. Lakini midomo mitatu ya kontakta (swichi inayovutwa na sumaku) haifungi kwa wakati mmoja. Kwa kitambo kidogo fezi moja inatangulia, haina wa kuifuta, na RCD inaruka. Ndiyo maana ile inayokata leo kesho hukubali kuwaka bila kuguswa.

Ikikata mota inapozunguka, geukia kebo. Transista za draivu hukatakata volteji maelfu ya mara kwa sekunde, kwa kawaida kilohezi 2 hadi 16, na kila pigo hujaza na kumwaga chaji kati ya nyaya na wavu wa shaba wa kebo, na kati ya koili na bodi ya mota. Kebo ikirefuka, uvujaji unakua. Pampu moja ilinila siku mbili: kebo ya mita 80, na mtu alikuwa ameipandisha draivu hadi kilohezi 12 ili mota isilie. Niliirudisha 4, RCD ikatulia. Mota ikaanza kulia kama mbu. Mwenye pampu akasema heri mbu.

Dawa nyingine ni RCD ya peke yake kwa kila draivu, kebo fupi, filta ya uvujaji mdogo, au pete ya feraiti inayozunguka nyaya zote tatu za mota kwa pamoja. RCD ya miliampia 300 ni kinga ya moto. Haichukui nafasi ya 30 pale inapotakiwa kumlinda mtu. Na kukata waya wa ethi "ili itulie" ni kuugeuza uvujaji ule ule umsubiri atakayegusa bodi. Kiwango cha IEC 61800-5-1 kinakwenda kinyume kabisa: uvujaji ukizidi miliampia 3.5, waya wa ethi wa shaba uwe walau milimita 10 za mraba, au uongezwe wa pili.

Lakini RCD inayonitisha zaidi ni ile isiyokata. Hitilafu ikitokea baada ya rektifaya ya fezi tatu (sehemu ya draivu inayogeuza AC kuwa DC), ethi inaweza kupata DC laini, nayo huishibisha sumaku ya RCD aina AC (inayohisi AC tu) au A (inayohisi pia DC ya mapigo) ikawa kiziwi, hata kwa hitilafu ya kifaa kingine. Aina A imejengwa kuvumilia miliampia 6 tu za DC hiyo. Draivu ya fezi tatu inataka aina B, inayohisi hata DC laini.

Na hapo wengi hukosea tena: wanaifunga B chini ya A iliyokuwepo. B ya miliampia 30 inaruhusiwa kuiacha DC ifike 60 kabla ya kukata, mara kumi ya uvumilivu wa ile A iliyo juu yake. B ipewe njia yake kutoka kwenye ubao mkuu, kando ya A.