Je, wajua kwamba nishati ya umeme haipiti ndani ya waya?

Bonyeza swichi, taa inawaka kabla hujapepesa macho. Muulize yeyote aliyepita darasani nini kimetokea, atakuambia elektroni zimetoka kwenye swichi zikakimbia ndani ya waya hadi kwenye taa. Jibu hilo lina kasoro moja: elektroni hazikimbii. Zinatambaa, tena konokono anazipita bila kutoka jasho.

Tupige hesabu, maana ni ya kugawanya tu. Chukua waya wa shaba ambao ukiukata, uso wa mkato una eneo la milimita mraba 1. Kipande chake cha urefu wa milimita 1 kina elektroni huru zipatazo bilioni 85 mara bilioni. Mkondo wa ampea 1 maana yake ni elektroni bilioni 6.24 mara bilioni kupita mahali pamoja kila sekunde. Gawanya 6.24 kwa 85: msafara mzima unasogea milimita 0.073 kwa sekunde. Mita moja tu ingeuchukua karibu saa nne.

Na hapo nimezungumzia mkondo wa betri, unaokwenda upande mmoja. Umeme wa majumbani ni mkondo geu. Kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, elektroni husogea mbele kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, kisha hurudishwa nyuma kwa muda uleule. Umbali zinaoyumba, kwa waya wetu, ni chini ya mikromita 1, yaani kama sehemu moja ya mia ya unene wa unywele. Elektroni zilizo ndani ya waya wa taa yako jioni hii hazikutoka kwenye jenereta yoyote. Zilikuwa humo, na humo zitabaki.

Basi joto na mwanga vimetoka wapi, na vimefikaje?

Walimu wengi wana jibu la haraka: bomba la maji. Bomba likiwa limejaa, ukisukuma maji huku, yanatoka kule papo hapo, ingawa tone ulilosukuma bado liko palepale. Mfano huu unasaidia kuhusu muda, ila unampotosha mtu kuhusu mahali. Katika bomba, msukumo unasafiri ndani ya maji. Katika umeme, mzigo wenyewe uko nje ya waya, na ndilo jambo ambalo kozi ya nadharia ya uga wa sumakuumeme (uga ni eneo ambamo nguvu ya umeme au ya sumaku inafanya kazi) humfichulia mwanafunzi wa uhandisi, kwa kawaida mwaka wa pili au wa tatu, baada ya kumwacha miezi mingi akiamini vingine.

Aliyelionyesha hili kwa hesabu ni Mwingereza John Henry Poynting, mwaka 1884. Kanuni yake ni fupi: popote penye uga wa umeme na uga wa sumaku vinavyokingamana, nishati inapita, na inaelekea upande ulio mraba, yaani kwa pembe ya nyuzi 90, na nyuga zote mbili. Ndiyo maana ukichungulia chumba cha mtihani wa somo hili utawaona watu wazima wakikunja vidole na kugeuza viganja hewani kama wanaozungumza na mabubu. Wanatafuta upande. Vidole vya mkono wa kulia vinatoka kwenye uga wa umeme kuelekea wa sumaku, na dole gumba linaonyesha nishati inakokwenda.

Ijaribu kanuni hiyo kwenye kebo ya antena ya televisheni. Ukiikata utaona vitu vitatu vya maana: uzi wa shaba katikati, plastiki inayouzunguka, halafu wavu wa metali nje. Unganisha upande mmoja na betri ya volti 12 na upande wa pili na taa inayovuta ampea 2. Ndani ya plastiki, uga wa umeme unatoka kwenye uzi wa kati kwenda kwenye wavu, kama spoki za gurudumu la baiskeli. Uga wa sumaku unauzunguka uzi, kama tairi lenyewe. Kitu kilicho mraba na spoki na tairi ni ekseli, na ekseli ya gurudumu hili ni kebo. Nishati inakwenda moja kwa moja kuelekea taa, ndani ya plastiki. Sasa zidisha nyuga hizo mbili kila mahali kwenye plastiki na ujumlishe kuanzia uzi hadi wavu. Unapata volti mara ampea: wati 24 kamili. Hesabu yote imefungwa ndani ya kihami, yaani hiyo plastiki, na shaba haikupewa hata senti.

Niliposoma hili mara ya kwanza niliirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Kihami, kitu ambacho kazi yake nilifundishwa ni kuzuia umeme, ndicho kinachoupitisha!

Shaba nayo ina uga mdogo wa umeme unaofuata urefu wake, ule unaozikokota elektroni dhidi ya ukinzani. Pima upande wa nishati hapo kwa vidole vyako na dole gumba litaelekea ndani ya waya, kutoka ubavuni. Hicho ndicho kiasi pekee kinachoingia kwenye shaba, na chote kinaishia kuwa joto. Kwa maneno mengine, nishati iliyoingia ndani ya waya ni nishati iliyopotea njiani.

Kanuni hiyohiyo inaondoa utata wa mkondo geu. Elektroni zikirudi nyuma, kwa nini nishati nayo isirudi kwenye jenereta? Kwa sababu nyuga zote mbili zinageuka pamoja. Hasi mara hasi ni chanya, na dole gumba linabaki limeelekea kwenye taa.

Mtu atauliza: kama ni hivyo, waya wa nini? Waya ni kingo za mto. Maji hayapiti ndani ya kingo, lakini ziondoe uone mto utakwenda wapi. Chaji zinazojipanga juu ya uso wa waya ndizo zinazoushika uga na kuukunja kila kona ya ukuta hadi ufike kwenye taa.

Hapa ndipo mwanafunzi huanza kununa, na ana haki. Mwaka wa kwanza alifundishwa sakiti, ambako waya ni mstari tu kwenye karatasi: hauna unene, hauna urefu, na volteji ya mwanzo wake ndiyo ya mwisho wake. Sheria ya Ohm, sheria mbili za Kirchhoff za kujumlisha mikondo na volteji, kazi imekwisha. Kwa nini apewe kitu rahisi halafu anyang'anywe?

Kwa sababu kile rahisi ni kweli kwa masharti. Wimbi la umeme wa hezi 50 lina urefu wa kilomita 6,000. Redio iliyo mezani, mbele ya wimbi kama hilo, ni kijiti kinachoelea baharini: hakioni mgongo wa wimbi wala bonde lake, kinapanda na kushuka kizima. Kwa hiyo unaruhusiwa kusahau kwamba kuna wimbi. Panda sasa hadi gigahezi 5, masafa (idadi ya mizunguko kwa sekunde) ya intaneti isiyo na waya. Wimbi limefupika kuwa sentimita 6 hewani, na ndani ya ubao wa sakiti hubaki kama nusu ya hapo. Wahandisi wana desturi ya kuanza kuwa na wasiwasi waya ukifikia sehemu moja ya kumi ya wimbi. Hiyo ni milimita 3. Kijistari kifupi kuliko punje ya mchele tayari kina tabia zake, na sheria za Kirchhoff peke yake hazitakuokoa.

Dunia ililijua hili kwa gharama, hata kabla ya redio kuwepo. Mwezi Agosti 1858 kebo ya kwanza ya telegrafu iliwekwa chini ya Bahari ya Atlantiki, kati ya Ireland na Newfoundland. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani zilikuwa na maneno 98. Zilichukua kama saa 16 kufika. Wildman Whitehouse, daktari wa tiba aliyekuwa fundi mkuu wa umeme wa mradi, aliamini dawa ya uzito huo ni kuongeza volteji, akaisukuma kebo kwa takriban volti 2,000. Baada ya wiki chache ilikuwa imekufa.

William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Kebo ile ilikuwa shaba katikati, utomvu mgumu wa gutapecha kuizunguka, na bahari ya chumvi nje. Yaani kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji, yenye urefu wa maelfu ya kilomita. Kila alama ya telegrafu ililazimika kwanza kuujaza uga ndani ya gutapecha, na hesabu yake ilionyesha ucheleweshaji unakua kwa mraba wa urefu: kebo ikiwa ndefu mara mbili, inachelewesha mara nne. Kuongeza volti hakubadilishi chochote hapo. Kinachobadilisha ni unene wa shaba, unene wa kihami, na kipokezi chepesi kinachohisi mkondo mdogo. Kebo ya 1866 ilifuata mawazo hayo, na ilifanya kazi.

Kuna swali moja ninalopenda kuwauliza wanaojiona wameiva kwenye sakiti. Unayo betri ya volti 12 na kebo ya mita 10. Unafunga swichi. Betri inajuaje kule mwisho kumefungwa taa kubwa, ndogo, au hakuna kitu kabisa? Sheria ya Ohm inataka ukinzani wa taa ili itoe mkondo, lakini taa iko mita 10 mbele na habari zake bado hazijafika.

Jibu: haijui. Inakisia. Kila kebo ina uwiano wake kati ya volti na ampea za wimbi linaloanza safari, unaotokana na umbo lake na kihami chake. Nyingi za maabara zimetengenezwa ziwe na omu 50. Usiutafute ukinzani huo kwa kifaa cha kawaida cha kupimia umeme, hutauona. Ni desturi ya uga, haumo kwenye shaba. Basi betri inatoa volti 12 kugawa kwa 50, ampea 0.24, taa iwepo isiwepo. Wimbi linasafiri ndani ya plastiki kwa kama kilomita 200,000 kwa sekunde na kufika mwisho baada ya nanosekunde 50. Likikuta omu 50 hasa, linamezwa lote, mambo yametulia. Likikuta waya uliokatika, linagonga na kurudi, na kwa kitambo kidogo volteji kule mwisho inapanda hadi 24, mara mbili ya betri iliyoitoa. Wimbi lililorudi ndilo linaloipelekea betri habari: “Huku hakuna mtu.” Baada ya kwenda na kurudi mara kadhaa, ndipo sheria ya Ohm inapokuja kutangaza matokeo kama vile ilikuwepo tangu mwanzo.

Ugumu wa kozi yenyewe, kwa maoni yangu, hauko kwenye fizikia. Katika sakiti unatafuta namba: ampea ngapi hapa, volti ngapi pale. Katika uga unatafuta namba na upande kwa kila nukta ya nafasi, tena kwa kila wakati. Hesabu za kawaida hazitoshi, ndiyo sababu vekta, yaani hesabu za vitu vyenye ukubwa na upande, humiminwa kwa wiki kadhaa kabla umeme haujatajwa. Wanaofeli wengi hufelishwa na hizo wiki za mwanzo. Na kuna kichekesho ndani yake: Michael Faraday, aliyeona nyuga kabla ya wote kwa kutawanya unga wa chuma kandokando ya sumaku, karibu hakujua hesabu kabisa. James Clerk Maxwell ndiye aliyeyatia mawazo hayo kwenye hesabu, na makala yake ya 1865 ilikuwa na milinganyo 20. Ile minne ambayo kila mwanafunzi huikariri kwa jina la Maxwell ilifupishwa miaka kama 20 baadaye na Oliver Heaviside, mwendesha telegrafu wa zamani aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kujifunza mengine yote peke yake. Anayeilaumu kwa ugumu angeiona ilivyokuwa mwanzo.

Kama bado unashuku kwamba shaba ni ya lazima, fuata masafa yanavyopanda. Kwa hezi 50 mkondo huzama kwenye shaba kina cha kama milimita 9. Kwa megahezi 1 kina ni milimita 0.066. Kwa gigahezi 1 ni mikromita 2 hivi. Elektroni zote zinazofanya kazi zimekimbilia kwenye ngozi ya waya, na kiini chake hakina shughuli. Ndiyo maana vifaa vya masafa hayo hupakwa fedha kwa nje tu.

Wahandisi wa rada walikwenda mbali zaidi. Walichukua kebo, wakatoa plastiki, kisha wakatoa na uzi wa kati. Likabaki bomba la metali la pembe nne, tupu, ambalo kwa masafa ya gigahezi 10 lina upana wa milimita 22.86 na kimo cha milimita 10.16 kwa ndani. Ukilichungulia upande mmoja unaona mwanga upande wa pili. Hakuna waya wa kwenda wala wa kurudi, na katika sakiti ya mwaka wa kwanza kitu hicho hakina hata alama ya kukichorea. Kati ya chombo kinachotengeneza mawimbi na antena, maelfu ya wati yanapita humo, kwenye hewa.