"Waache, Watazoeana": Kauli Inayoniletea Paka Mezani

Nimeisikia tena juzi. Mama mmoja alimweka paka wake juu ya meza yangu ya kutibia wanyama, akanionyesha matundu mawili nyuma ya bega, madogo kama punje za mchele. Mbwa mpya wa nyumbani, akasema, amekuwa akimkimbiza paka tangu siku aliyofika, lakini waliwaacha kwa sababu "watazoeana wenyewe." Alichokuja kutafuta ni dawa ya kupaka.

Nilinyoa manyoya. Kuzunguka yale matundu, ngozi ilikuwa ya zambarau kuanzia begani hadi katikati ya ubavu, na nilipoigusa iliteleza juu ya nyama kama shati lililopwaya. Ilikuwa imebanduka. Mbwa akimkamata paka hang'ati akaachia; anashika, kisha anatikisa. Ngozi ya paka ni legevu, inalifuata jino linakokwenda, hivyo tundu la nje linabaki dogo huku misuli ikichanwa chini kwa chini. Nimewafanyia upasuaji paka wa namna hii nikakuta mbavu zimevunjika, pafu limetoboka, mara nyingine hata kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kimepasuka na utumbo umepanda kifuani. Kwa nje, matundu mawili tu.

Ndiyo maana kauli hii inaniudhi kuliko nyingine zote. Wanaoitoa si watu wakatili, wanawapenda wanyama wao. Ila wanadhani mbwa na paka ni kama watoto wawili waliowekwa chumba kimoja, watagombana siku mbili tatu kisha watapatana. Mbwa anayemkimbiza paka hagombani naye. Anawinda.

Uwindaji wa mbwa unakwenda kwa hatua: anakaza macho, ananyemelea, anakimbiza, anakamata, anaua, anakula. Mbwa mwitu huzikamilisha zote. Mbwa wa kufugwa amezirithi vipandevipande, kwa kuwa binadamu, kizazi baada ya kizazi, alichagua kipande alichokihitaji. Border Collie amebaki na yale macho na ule unyemeleaji, ndiyo silaha anayoongozea kondoo bila kuwauma. Greyhound ni mbio tupu. Labrador hubeba kitu mdomoni bila kukiponda. Teria wengi walizalishwa waue panya na wanyama wengine wadogo, na kwao hatua ya kuua iko palepale. Kwa hiyo ninapouliza mbwa wako ni wa aina gani si porojo za kupitisha muda. Nataka kujua mbio zake zinaishia hatua ipi.

Kinachoamsha yote haya ni mwendo. Mbwa huyohuyo hukimbiza mpira, baiskeli, hata jani linalopeperushwa na upepo, na hakuna anayesema analichukia jani. Paka akisimama wima na kumkabili, mbwa wengi husita. Akigeuka na kutimua mbio, amewasha moto. Na zile mbio zenyewe ni raha tosha. Mbwa hahitaji kumpata paka ili aone amefaidi. Kila akimkimbiza anavuna raha ile, na kesho ataanza mapema zaidi. Ukiwaacha, mazoea yatajengeka kweli, ila si yale unayoyangoja: mbwa atazoea kukimbiza na paka atazoea kujificha.

Huyu wa kujificha ndiye anayesahauliwa. Anashinda juu ya kabati au chini ya kitanda, chakula anakigusa kidogo au hali kabisa. Paka asipokula kwa siku chache, hasa aliye mnene, mafuta hujaa kwenye ini, na huo ni ugonjwa unaoua. Hofu ya muda mrefu huchangia pia uvimbe wa kibofu. Dume anaweza kuziba mkojo kabisa, na akifika hapo tunahesabu saa. Kisha naambiwa, "Daktari, siku hizi anakojoa kitandani kwa kisasi." Hana kisasi. Huenda kibofu kinamuuma, au njia ya kwenda kwenye chombo chake cha mchanga inapita mbele ya mbwa.

Basi ufanyeje? Funga mlango. Huo ni ushauri wangu wa kwanza na nitaurudia hadi nistaafu. Siku za mwanzo wasionane kabisa: paka awe na chumba chake, chenye maji, chakula, mchanga na mahali pa kujificha. Badilisha vitambaa wanavyolalia ili kila mmoja amjue mwenzake kwa harufu. Walishe kila mmoja upande wake wa mlango. Wakishatulia ndipo waonane kwa dakika chache, mbwa akiwa kwenye kamba, na kila anapogeuza uso kutoka kwa paka na kukutazama wewe, mpe kitu kitamu papo hapo. Unachomfundisha ni huko kugeuka tu, na kinatosha. Paka awe na rafu au mahali pengine juu ambapo mbwa hafiki. Usimbebe mikononi kumwonyesha mbwa. Akishtuka, atakupanda usoni kwa kucha. Kazi hii huchukua wiki, pengine miezi. Tena wapo mbwa ambao hawatakaa salama na paka hata ufanye nini, na kuwatenganisha maisha yao yote ni uangalizi mzuri kabisa.

Kauli nyingine nazisikia pia, ingawa haziniumizi kichwa kama hiyo ya "watazoeana."

"Mbwa na paka ni maadui wa asili." Si kweli. Mtoto wa paka aliyezoeshwa mbwa mpole kati ya wiki ya 2 na ya 7, na mtoto wa mbwa aliyezoeshwa paka kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, kwa kawaida hukua wakichukuliana vizuri. Lakini jihadhari: mbwa anayelala ubavuni mwa paka wa nyumbani anaweza kutoka nje na kumtimua paka mwingine bila kusita. Amemzoea yule mmoja, hajawazoea paka wote.

"Anatikisa mkia, anataka kucheza tu." Mkia unaotikisika unaonyesha amesisimka, nia yake itafute kwenye mwili mzima. Mbwa anayebweka na kurukaruka hanitii wasiwasi kama yule aliyenyamaza ghafla, mdomo umefumbwa, mwili umekakamaa, uzito ameuelekeza mbele, macho hayabanduki kwa paka. Huyo ameshaingia hatua ya kwanza. Mwondoe hapo hapo. Vivyo hivyo, paka akilala chali mbele ya mbwa usidhani amesalimu amri. Ameandaa miguu minne yenye kucha.

"Mwache paka amkwaruze pua, atajifunza." Wengine hurudi nyuma. Wengine hupandwa na mori. Na ukucha hauchagui pua: nimetibu macho yaliyochanika, hasa ya Pug na Pekingese ambao macho yao yametokeza. Meno ya paka nayo ni membamba, hupeleka bakteria ndani kisha ngozi ikajifunga juu yake, na baada ya siku chache unaletewa jipu.

"Mchape ataacha." Mbwa anayechapwa kila paka anapotokea hujifunza kwamba paka akionekana, maumivu yanafuata. Siku ambayo haupo, atamwendea akiwa na sababu ambayo mwanzoni hakuwa nayo. Ombi langu ni moja: usimchape.

"Ana njaa." Aliyeshiba naye hukimbiza. "Mhasi ataacha." Kuhasi kuna faida nyingi na mimi huwashauri watu wahasi, lakini hamu ya kuwinda haikai kwenye korodani.

Yule paka wa juzi bado yuko kwangu. Nilikata ngozi iliyokufa, nikaweka mrija wa kutoa majimaji, na jana jioni alikula kwa mara ya kwanza, vijiko viwili, huku nimemshikia kibakuli.

Paka wako akiingia kinywani mwa mbwa, hata kwa sekunde moja, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama anatembea na huoni damu. Usingoje usaha. Akipumua kwa shida, muweke kwenye boksi bila kumbana kifua na uondoke mara moja. Na usimpe parasetamoli kumpunguzia maumivu: mwili wa paka hauwezi kuivunja kama wa mtu, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua.