Mapitio ya fasihi? Fasihi gani?

Chukua tasnifu ya isimu, tuseme inahusu lugha ya makanga, wale wanaoita abiria na kukusanya nauli, katika stendi ya mabasi ya Kisumu. Sura ya kwanza inakwenda vizuri: usuli, tatizo la utafiti, malengo, upeo na mipaka. Unafungua sura ya pili na kichwa kimekolezwa wino kwa herufi kubwa: MAPITIO YA FASIHI. Basi unapekua kurasa ishirini ukitafuta ubeti mmoja, ngano moja, hata kitendawili. Makanga wapo, nauli ipo, watafiti kumi na wawili wapo na miaka yao kwenye mabano. Fasihi haimo.

Kazi ya sehemu hiyo si fumbo. Ni mahali pa kuonyesha waliokutangulia wamesema nini kuhusu mada yako, wanaafikiana wapi, wanavutana wapi, na wameacha pengo gani ambalo utafiti wako unakuja kuliziba. Jina lake ni mapitio ya maandishi. Wengine huandika "yaliyoandikwa kuhusu mada", jina refu lakini halimdanganyi mtu. Maana ni hiyo tu. Linalokera ni jinsi neno fasihi lilivyojipenyeza humo na kukaa kama mwenye nyumba.

Liliingia kwa mlango wa Kiingereza, kwa kutafsiri literature review neno kwa neno. Neno literature limetoka kwenye Kilatini littera, yaani herufi. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilieleza kuwa ni elimu, ustadi wa mambo ya maandishi. Riwaya na shairi hakuzitaja. Maana ya sanaa ilikomaa baadaye, na hata ilipokomaa haikuifukuza ile pana. Ndiyo maana mpaka leo daktari wa mifugo anayezungumza Kiingereza atasema amesoma literature kuhusu kupe, na karatasi za kutangaza dawa ya kuwaogeshea ng'ombe nazo huitwa hivyo hivyo. Herufi zikishalala kwenye karatasi, inatosha.

Fasihi haina hata tone la wino ndani yake. Tumelipata kwa Waarabu, kwenye neno fasihi lao lenye maana ya msemaji aliye wazi, anayetamka likaeleweka na likapendeza. Fasaha na ufasaha ni ndugu zake wa tumbo moja. Ukiufuata mzizi huo nyuma zaidi unajikuta zizini: Waarabu wa kale waliyaita maziwa kwa neno hilo pale povu linapoondoka juu yakabaki maziwa matupu. Anayenunua maziwa alfajiri kule Njoro, akasubiri povu litulie kwenye kikombe cha kupimia ajue kama lita yake imetimia, hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Usemi uliotulia, usio na povu.

Na Waarabu wenyewe, kwa taarifa yako, sanaa hii hawaiiti fasihi. Wao husema adab, neno lililobeba malezi mema na sanaa ya maneno kwa pamoja. Sisi tulilichukua tukabaki na upande mmoja, adabu, tukaenda kutafuta jina la sanaa kwingine. Tulichagua jina la ubora wa usemi, hatukuchagua jina la karatasi, na uchaguzi huo umetufaa kuliko tunavyokiri.

Umetufaa kwa sababu Kiswahili kinasema fasihi simulizi bila kujikwaa. Kiingereza kikitaka kusema jambo hilo hilo kinajikuta kinasema herufi za mdomoni. Mganda Pio Zirimu alikerwa na mgongano huo hadi akabuni neno jipya, orature. Sisi hatukuwa na haja ya kubuni chochote. Mzee wa Kibukusu anayetoa kumuse, hotuba ya kimila, baada ya mazishi ya mzee mwenzake, akipita mbele ya watu na kuwakumbusha koo na mienendo, hana kalamu wala daftari, naye yumo ndani ya fasihi mpaka shingoni. Tasnifu ya makanga, kurasa mia mbili zilizochapwa na kutiwa jalada gumu, haimo. Mpaka wa fasihi haukupigwa kati ya kilichoandikwa na kisichoandikwa. Umepigwa kati ya lugha ya kisanaa na lugha ya kupasha habari tu.

Wapo pia walioona "mapitio" ni neno jepesi, wakaandika "uhakiki wa fasihi". Hao wamehamia kijiji kingine kabisa. Uhakiki wa fasihi ni taaluma kamili yenye nadharia zake, na kazi yake ni kuifasiri na kuipima kazi ya sanaa. Makala ya mtafiti mwenzako kuhusu viambishi haihakikiwi kifasihi, labda kama aliiandika kwa vina na mizani.

Mtu atasema: jina tu hilo, kazi si inafahamika? Haifahamiki, na anayeumia zaidi si mwanaisimu. Mwanaisimu anajua hana fasihi, kwa hiyo analipuuza neno na kuendelea. Anayeumia ni mwanafunzi wa fasihi yenyewe. Ametoka kidato cha nne amezoea Karatasi ya 3 ya mtihani wa Kiswahili Kenya: dondoo limewekwa, eleza muktadha wake, alama 4, nawe unataja msemaji, anayeambiwa, mahali na sababu. Kusimulia kitabu anajua sana. Sasa yuko mwaka wa pili, anaambiwa aandike insha ya utafiti ya kurasa kumi kuhusu wahusika wa kike katika riwaya mbili, na ndani yake aweke mapitio ya fasihi. Anafanya hasa alichoambiwa. Anazipitia riwaya. Kurasa nne zinakwisha nani alimwoa nani na nani alikufa wapi, kisha kazi inarudi na maneno mawili pembeni kwa kalamu nyekundu: "Muhtasari tu." Alilitii neno kuliko mhadhiri alivyolifikiria.

Huko Marekani, ambako vyuo vingi vina kozi ya mwaka wa kwanza inayounganisha kusoma fasihi na kuandika utafiti, mwanafunzi hukutana na neno hilo moja likifanya kazi mbili katika muhula mmoja: mara ni mashairi anayoyasoma, mara ni makala kuhusu hayo mashairi. Wenzetu wamebanwa, neno lao ni moja. Sisi tunayo mawili, kila moja na kazi yake, halafu tunayachanganya kwa hiari.

Kwa mwanafunzi huyo wa riwaya mbili, mpaka uko hapa. Riwaya zenyewe ni matini ya msingi, ndizo data. Hazipitiwi, huchanganuliwa, na mahali pake ni mbele, baada ya nadharia na mbinu. Kwenye mapitio huingia vyanzo vya upili tu: makala, tasnifu na vitabu vya watu waliokwisha kuzichunguza riwaya hizo, au waliochunguza suala hilo katika riwaya nyingine. Kwa insha ya kurasa kumi, vyanzo sita hadi vinane vinatosha, na mapitio yasizidi kurasa mbili. Ukipita hapo utajikuta umewaandikia wengine insha yao, na yako imekosa nafasi.

Usianze kuandika kabla ya kuchora jedwali. Chanzo kimoja, mstari mmoja. Safu ni mwandishi na mwaka, swali alilouliza, data aliyotumia, nadharia, alichopata, na safu ya mwisho alichokiacha. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayolipa. Ukiisoma kutoka juu hadi chini utaona yale yale yanajirudia, na hapo ndipo pengo lako lilipo. Safu ikibaki tupu, ujue ulisoma ikisiri peke yake.

Katika kutafuta, kosa la kawaida ni kuandika maneno ya Kiswahili tu kwenye Google Scholar, kupata makala tatu, kisha kutangaza kwamba "hakuna utafiti uliofanywa kuhusu mada hii." Sentensi hiyo huchekwa kwenye utetezi wa pendekezo. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuhusu fasihi ya Kiswahili iko kwa Kiingereza, na nyingine kwa Kijerumani, kwa hiyo tafuta kwa zaidi ya lugha moja. Jarida la Swahili Forum husomwa bure mtandaoni. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lina miongo kadhaa ya makala, na maktaba za vyuo vyetu zina hazina za kidijitali zenye tasnifu nzima. Ukikuta tasnifu iliyo karibu na yako, nenda kwanza kwenye marejeleo yake; huyo amekufanyia nusu ya safari.

Kisha kuna aya yenyewe. Inayoharibika huwa hivi: Fulani (2009) alichunguza lugha ya makanga. Aligundua kwamba hutumia utani. Fulani naye (2014) alichunguza lugha ya makanga. Aligundua kwamba huchanganya ndimi. Mwingine naye (2017)... Ukiona "naye" ya tatu, simama. Hiyo inasomeka kama orodha ya waliochanga harambee: jina, kiasi, makofi, jina, kiasi. Hakuna anayezungumza na mwenzake.

Geuza, aya ianze na hoja na majina yafuate. Tuseme jedwali lako limekuonyesha kwamba wote watatu wanakubali utani huvuta abiria, lakini wawili wameuona kama lugha ya ujana, na wa tatu ameuona kama mbinu ya biashara ambayo hata makanga wa miaka hamsini anaitumia. Tena wote walirekodi asubuhi, stendi inapokuwa na haraka. Aya yako sasa ina uti wa mgongo: makubaliano sentensi moja, mvutano sentensi mbili au tatu, kisha jioni ambayo hakuna aliyeisikiliza. Utafiti wako ni hiyo jioni. Majina hukaa kwenye mabano kwa mtindo unaodaiwa na idara, APA wenye jina na mwaka au MLA wenye jina na ukurasa, na kosa la kuichanganya hiyo miwili katika ukurasa mmoja ni dogo kuliko watu wanavyolifanya, ingawa alama hukatwa.

Yote haya, utaona, hayahitaji neno fasihi hata mara moja.

Sasa, kama kielelezo cha idara yako kimechapwa "Mapitio ya fasihi", usiende kugombana na idara wiki ya kuwasilisha pendekezo. Muulize msimamizi kwa upole kama "mapitio ya maandishi" itakubalika. Akikataa, acha kichwa kilivyo na uirekebishe maana kwenye sentensi ya kwanza: "Sehemu hii inapitia tafiti zilizofanywa kuhusu lugha ya makanga." Na kama unaandika juu ya kumuse, kuwa mwangalifu mara mbili. Sura ya pili iite maandishi kuhusu kumuse, na kumuse yenyewe iache isubiri sura ya nne, pamoja na mzee na maneno yake.