Elektroni zikiongezeka si lazima atomi ikue

Wiki hii nimelisikia tena, mara tatu, kwa vijana wa kidato cha tatu wanaokuja kwangu tuisheni hapa Arusha: "Mwalimu, klorini ni kubwa kuliko sodiamu kwa sababu ina elektroni nyingi." Hapana! Nusukipenyo cha sodiamu ni pikomita 186 hivi. Cha klorini ni 99. Karibu nusu.

Anayesema hivyo amehesabu elektroni akakisahau kiini, kitovu cha atomi chenye protoni zinazozivuta elektroni. Kutoka sodiamu hadi klorini, elektroni zote zinazoongezeka zinaingia ganda lilelile la tatu, yaani tabaka lilelile la elektroni kuzunguka kiini. Hiace ya Ngaramtoni ikipakia watu sita wa ziada hairefuki, wanabanana humohumo. Atomi yenyewe inakwenda mbali zaidi, inasinyaa, kwa sababu protoni zimepanda kutoka 11 hadi 17 na elektroni za ndani zinazokinga mvuto wa kiini ni 10 zilezile. Zilizo ganda moja hukingana kidogo sana, hivyo kila moja inavutwa kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana kung'oa elektroni ya kwanza ya sodiamu kunahitaji kilojuli 496 kwa moli, na ya klorini 1251. Ukishuka kundi, yaani safu ya wima ya jedwali la elementi, ndipo atomi inakua, maana ganda jipya limeongezwa kweli.

Nawasihi kila siku: kabla hujajibu, andika pembeni protoni ngapi na maganda mangapi. Anayekariri mishale ya jedwali inayoonyesha kipi kinaongezeka kuelekea wapi, bila namba hizo, swali likigeuzwa kidogo tu amepotea.

Mishale hiyohiyo inawaaminisha kwamba ukienda kulia nishati ya kung'oa elektroni hupanda bila kukatika. Alumini inaachia elektroni kwa kilojuli 578, ilhali magnesiamu iliyo kushoto kwake inadai 738, kwa kuwa elektroni ya alumini iko 3p, sehemu ya ganda la tatu yenye nishati ya juu kuliko 3s ilikotoka ya magnesiamu. Na jedwali halifuati uzito wa atomi. Mendeleev, mkemia wa Urusi aliyelipanga, alianza nao mwaka 1869; tangu kazi ya mwanafizikia Mwingereza Moseley ya 1913 tunafuata idadi ya protoni.

La wazazi sasa: eti maji yetu yana florini, ukichemsha inaruka. Florini huvuta elektroni kuliko elementi zote, haiwezi kukaa majini ikiwa gesi. Kilichomo kwenye maji ya miteremko ya Mlima Meru ni floridi, ioni, yaani atomi ya florini yenye chaji kwa kuwa imekwisha kupata elektroni yake. Haiondoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inakolea. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi inapunguzwa kwa kuchuja maji kwenye mkaa wa mifupa.