Makaburi ya mnara ya Malindi na Lamu: yasemwayo na yaliyopo

"Hayo walijenga Wareno." Ndilo la kwanza utakalosikia watu wakipita kaburi la mnara, yaani lenye nguzo ndefu ya mawe, lililo kando ya Msikiti wa Ijumaa wa Malindi, na wasemao si wageni peke yao. Vasco da Gama alitia nanga hapa 1498. Lakini kule Gede, magofu ya mji wa kale kusini kidogo, lipo kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, wakati Wareno hawajaizunguka hata ncha ya kusini ya Afrika. Waliojenga ni Waswahili, kwa matumbawe na chokaa.

"Chini kuna mali." Uvumi huu umechimbisha watu bure. Maiti ya Kiislamu huzikwa na sanda yake, basi. Cha thamani kilikuwa juu: mabakuli ya kaure kutoka China yaliyopachikwa kwenye chokaa. Mengi yameng'olewa, yakabaki mashimo ya duara, na pengine kigae kimoja kilichogoma kutoka.

"Piga saruji, litadumu." Hapa wenye nia njema ndio waharibifu wakubwa. Matumbawe yana vitundu, hunyonya unyevu na chumvi ya bahari. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huuziba. Chumvi inaganda ndani, inalifumua jiwe, na siku lipu inapobanduka huondoka na uso wa kaburi, nakshi na yote. Fundi anayejua hukoroga chokaa na mchanga, hupaka tabaka nyembamba, kisha huinyunyizia maji isipasuliwe na jua. Kazi hiyo ni ya polepole, na kamati nyingi zina haraka.

Na mti ulioota juu ya kaburi? Usiung'oe, mzizi utatoka na mawe. Kata shina, mizizi ife yenyewe, ndipo uzibe nyufa.

"Hayana mwenyewe." Muulize mtu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu. Mji wa Takwa, kwenye kisiwa jirani cha Manda, ulihamwa zaidi ya miaka 300 iliyopita, lakini Washela bado huvuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi lake la mnara. Sheria nayo ipo: ile ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 inalinda makaburi yaliyotangazwa kuwa turathi, na kuyabadili au kuyaharibu bila idhini ni kosa. Kamati ikitaka kukarabati, ianzie ofisi ya Makumbusho ya Taifa, kabla fundi hajaitwa.