Kwa nini kamera za nyumbani hazifunguki ukiwa mbali, ilhali faiba inakimbia?

Nyumba iko Kiamunyi, Nakuru. Faiba imeingia hadi sebuleni, filamu hazikwami, na fundi amefunga kamera nne. Ukiwa ndani unaliona lango kwenye simu vizuri kabisa. Ukifika Kisumu, simu inazunguka tu. Fundi anafungua poti, yaani mlango wa mawasiliano, kwenye rauta, anaizima, anaiwasha, wapi! Mwishowe lawama zinaangukia kebo, nayo haina kosa lolote. Tatizo ni anwani.

Ili simu yako iifikie nyumba moja kwa moja, nyumba inahitaji anwani ya IP ya hadharani, yaani namba inayoitambulisha kwenye intaneti nzima. Mfumo wa zamani, IPv4, ambao bado tunautegemea sana, una anwani bilioni 4.3 hivi kwa dunia nzima. Ghala kuu la kimataifa liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti huweka nyumba kadhaa nyuma ya anwani moja, kwa mbinu iitwayo CGNAT.

Ni kama sanduku la posta la shule ya bweni. Wanafunzi mia wanatumia S.L.P. moja, na barua isiyo na jina la mwanafunzi inaishia ofisini. Ukifungua tovuti, mtambo wa kampuni huandika kwamba ombi limetoka kwako, na jibu likija linakufuata. Lakini simu iliyoko Kisumu ikibisha hodi bila kuitwa, mtambo haujui ni nyumba ipi inayotafutwa, hivyo huitupa hodi hiyo. Poti aliyofungua fundi iko kwenye rauta yako. Ule mtambo wa kampuni ulio mbele yake, fundi hana ruhusa ya kuugusa.

Kujua kama umo kwenye CGNAT ni rahisi. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, utazame anwani ya upande wa WAN, yaani ule unaoelekea kwa kampuni. Ikianza na namba kati ya 100.64 na 100.127, umo: fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hii hasa. Kampuni nyingine hutumia zinazoanza na 10.

Uhaba ni wa kweli, ila biashara nayo imo. Anwani ya hadharani isiyobadilika mara nyingi huuzwa kwa malipo ya ziada, au huwekwa kwenye vifurushi vya ofisi, na mikataba mingi ya nyumbani hukataza kuendesha seva. Usome kabla ya kulipa.

Kwa kamera tu, sioni haja ya gharama hiyo. Tafuta zinazopiga hodi zenyewe kwenye seva ya mtengenezaji. Simu nayo inakutana nazo huko. Ubaya ni kwamba picha za lango lako zinaweza kupitia mikononi mwa mtu mwingine. Asiyependa hilo aweke VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, inayojiunganisha kutoka ndani kwenda nje, au aulize kama kampuni yake imewasha IPv6, mfumo mpya wa anwani, ambako anwani si haba. Hapo lakini mashine ya kurekodi na laini ya simu lazima viielewe IPv6 pia.