Mama Mdogo, Binti na Mpaka wa Idaho

Haya ni maneno yasiyo sahihi yanayosemwa kuhusu mabinti wanaovuka mpaka wa jimbo Marekani kwenda kutoa mimba, na majibu yake.

“Binti akivuka mpaka kwenda kutoa mimba, sheria ya kwao kuhusu wazazi inamfuata.” Hapana, kliniki hufuata sheria ya jimbo ilipo. Binti wa miaka 16 kutoka Missouri akiingia Illinois hakuti sharti la mzazi kujulishwa. Lilifutwa Juni 1, 2022, wiki tatu kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijaiondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Akielekea Colorado, mzazi hupelekewa taarifa saa 48 kabla.

“Kumjulisha mzazi ni kumwomba ruhusa.” Mbali kabisa. Anayejulishwa anaambiwa tu, hana uwezo wa kuzuia. Penye sharti la ridhaa ndipo neno lake lina nguvu, na hata hapo, tangu kesi ya Bellotti v. Baird iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu 1979, majimbo mengi yamekuwa yakimwachia binti njia ya kwenda kwa jaji kuomba ruhusa badala ya mzazi.

“Serikali kuu imeshapiga marufuku kuwavusha watoto.” Haijafanya hivyo. Miswada imepita Baraza la Wawakilishi tangu 1998, Seneti nayo ikapitisha wake 2006, lakini hakuna uliowahi kuwa sheria.

Sasa Idaho, na hapa nakaa kidogo, maana Boise na Twin Falls wapo Wakongo wengi wazungumzao Kiswahili. Watu husema sheria ya 2023 inamfunga msichana. Hapana, yeye haimgusi. Inamlenga mtu mzima anayemsafirisha au kumficha mtoto aliye chini ya miaka 18 ili atoe mimba, kwa nia ya kuwaficha wazazi. Kifungo ni miaka 2 hadi 5. Kipengele cha “kushawishi” kilizuiwa na mahakama ya rufaa Desemba 2024. Kusafirisha na kuficha vikabaki.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni hili: “Mimi ni mama yake mdogo, kwa hiyo ni mzazi.” Kwetu ni kweli tupu. Aliyezaliwa tumbo moja na mama ni mama, na huenda ndiye aliyemlea mtoto tangu kambi ya wakimbizi. Sheria ya Idaho inataja mzazi na mlezi wa kisheria, basi. Shangazi, bibi, dada mkubwa, wote ni watu baki mbele yake, hata kama gari ni la familia na safari ni ya saa chache hadi Oregon. Mzazi akiwa ameridhia, aliyeendesha gari anaweza kulitumia hilo kujitetea mahakamani.